Kafara Iliyorudishwa

Nilipokuwa mtoto, jambo la kwanza nililofundishwa kuhusu barabara lilikuwa kuangalia chini. Magari yalikuja baadaye. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea pamoja na mama katika nyumba ya vyumba sita kati ya Msimbazi na Gerezani, ndiye aliyenipeleka shule siku za mwanzo. Kila tulipofika njia panda alisimama, akainama kama mtu aliyedondosha sindano, akaikagua lami mpaka aridhike. Ndipo anivushe.

"Tunatafuta nini, Bibi?"

"Tunatafuta tusichokitaka. Angalia chini."

Asubuhi fulani fulani, kabla mikokoteni haijaijaza mitaa ya Kariakoo, ungekuta pale katikati nazi iliyopasuliwa, imezungushiwa kitambaa chekundu, pembeni mchele kidogo na pengine yai. Maana yake mtu wa nyumba fulani alikuwa mgonjwa, amekwenda kwa mganga, na mganga amemwambia auache ugonjwa wake njia panda. Ugonjwa hukaa pale ukisubiri miguu. Atakayeiruka ile nazi au kuikanyaga ndiye atakayeondoka nao.

Leo kazi yangu ni kuandika riwaya zenye uchawi: miji isiyokuwapo, mabinti wanaonunua mvua kwa sauti zao, wafalme wasioweza kusema uongo. Majuzi niliombwa nikae na vijana wanaoandika hadithi za namna hiyo, na mmoja wao, kijana mpole mwenye miwani, alilalamika kwamba uchawi wake hauaminiki. "Dada Hawa, kila anayesoma ananiambia, mbona huyu mchawi wako anaweza kila kitu?" Nikamjibu kama tunavyojibiana sisi waandishi: upe uchawi wako kanuni, upe gharama, upe mpaka ambao hauwezi kuuvuka. Waliandika. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa sina raha, kwa sababu nilijua nimewapa mifupa mitupu. Hayo mambo sikujifunza mezani. Nilijifunza nikiwa na homa, nimelala kitandani kwa Bibi, kutoka kwa jirani yetu aitwaye Mama Rehema.

Nianze na maswali, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Kuogopa ile nazi niliogopa kama watoto wote, lakini zaidi ya kuogopa nilitaka kujua inafanyaje kazi. Bibi angekuwa anachambua mchele uani, nami nimekaa karibu yake.

"Bibi, mkokoteni ukiikanyaga?"

"Gurudumu halina damu."

"Na paka?"

"Paka ana damu, lakini hana jina la mama yake. Mganga akikutazamia anakuuliza nini? Jina lako na la mama yako. Ugonjwa unafuata hapo hapo. Paka utamwita nani bin nani?"

Jibu hilo lilinipendeza mno. Lilifunga vizuri, kama kifuniko cha sufuria yake. Nikaendelea.

"Na mtoto aliyebebwa mgongoni? Mama yake akiruka, ugonjwa unampata nani?"

Bibi aliacha kuchambua. "Hapo sijui," alisema. Kisha akacheka, akanipiga kofi dogo la begani. "We mke mwenzangu, maswali yako yatakuja kunitoa roho."

Nimeyakumbuka maneno yale "hapo sijui" kuliko mengine yote. Kama Bibi angekuwa anatunga tu ili kunitisha, angetunga na hilo. Aliponiambia hajui, ndipo nilipoamini kwamba yale mengine anayajua kweli.

Rafiki yangu wa wakati huo alikuwa Jigna, binti wa familia ya Kihindi waliokaa ghorofa la jirani, juu ya duka lao la vitambaa. Mlangoni kwao kulining'inia limau na pilipili zilizotungwa kwenye uzi ili kuzuia kijicho, na wiki ikiisha hutolewa zikawekwa nyingine. Jigna naye alikuwa na bibi, wakimwita Ba, na Ba alikuwa na sheria zake. Tulizilinganisha tukienda shule, kama watoto wengine walivyolinganisha kadi za wachezaji mpira. Kwao pia njia panda ilikuwa mahali pa kuangalia chini. Kwao pia limau lililotupwa barabarani halikanyagwi. Ila tulitofautiana sehemu moja.

"Ba anasema, kama hukuliona, halikujui," Jigna aliniambia. "Lazima macho yenu yakutane."

"Limau lina macho?"

"Ndivyo anavyosema Ba."

Kwa Bibi yangu, kuona au kutokuona hakukuwa na uzito. Moto hauulizi kama umeugusa kwa kusudi. Tulibishana na Jigna juu ya jambo hilo mpaka tukachoka, tukaliacha, kwa kuwa lilikuwa jambo la watu wengine.

Halafu likawa langu. Ilikuwa asubuhi, tunaenda shule, mvua ya usiku imeacha madimbwi. Tulikuwa tunasimuliana kitu, sikumbuki nini, na nilikuwa ninatembea kinyumenyume ili nimwone Jigna usoni. Nyuma yangu mtu akapiga kelele, "Pisha! Pisha! Pisha!" Mkokoteni uliojaa majora ya vitambaa ulikuwa umeshatufikia pale njia panda. Niliruka pembeni bila kutazama. Kisigino changu kiligonga kitu kigumu, kikabiringika, na maji ya baridi yakanirukia kifundoni.

Jigna alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilitazama chini. Kitambaa chekundu, mchele uliotapakaa, nusu ya nazi imelala kifudifudi.

"Umeruka," alisema.

"Nimerushwa," nilisema.

Tulisimama pale, watu wanatupita, kila mmoja akijua kwamba kati ya maneno hayo mawili kuna jambo kubwa.

Niliporudi mchana nilimweleza Bibi. Hakunigombeza. Aliniketisha kwenye kigoda, akachemsha maji, akatia chumvi, akaniosha miguu huku midomo yake ikicheza kwa dua. Nilimweleza mara nyingi kuhusu mkokoteni, kwamba sikuruka kwa hiari yangu, kwamba nilirushwa.

"Miguu ilikuwa ya nani?" aliniuliza.

"Yangu."

"Basi."

Mama alipotoka dukani jioni na kusikia, alikasirika, lakini hakunikasirikia mimi. Mama alikuwa muuza khanga, mwanamke wa maneno machache na swala tano, na mambo ya nazi aliyaita shirki waziwazi. "Mtoto kaloa miguu, mama," alimwambia Bibi. "Mpe soksi."

Kesho yake Jigna alikuja na habari kutoka kwa Ba, na ilikuwa habari njema. Sikuiona ile nazi mpaka nilipokwisha kutua, kwa hiyo haikunijua. Kwa sheria za Ba nilikuwa salama. Kwa sheria za Bibi nilikuwa nimeshaubeba ugonjwa. Nilitamani sana siku ile kuhamia kwenye sheria za kina Jigna, na nikamwuliza kama jambo hilo linawezekana. Akasema atauliza. Alirudi asubuhi iliyofuata amekunja uso.

"Ba anauliza, aliyeiweka ni Mhindi au Mswahili?"

"Kwa nini?"

"Anasema inafuata sheria za mwenyewe."

Mpaka leo, ninapokaa kuunda ulimwengu wa hadithi na kujiuliza uchawi wa nchi moja ukikutana na mtu wa nchi nyingine itakuwaje, namkumbuka Ba, mwanamke ambaye sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, na swali lake lile. Lakini siku ile sikufikiria hadithi. Nilifikiria kwamba lazima tumjue mwenye nazi. Tukaanza kuwaorodhesha wagonjwa wote wa mtaa tuliowajua, na Jigna ndiye aliyegundua kwamba tunakosea.

"Tusitafute mgonjwa," alisema. "Tutafute aliyepona."

Hatukuhitaji kwenda mbali. Chumba cha mbele cha nyumba yetu alipanga mwanamke aliyeshona mapazia. Jina lake Asia, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Rehema. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Tunduma, anakuja na kuondoka. Kabla ya Rehema alikuwa amezaa mtoto mwingine, wa kiume, na amemzika. Rehema mwenyewe alikuwa bado hajatembea vizuri, na kwa majuma alikuwa akishikwa na homa inayopanda mpaka degedege: anakakamaa, macho yanageuka, na nyumba nzima inatoka mbio. Wakati huo hatukuwa tukisikia cherehani. Tulisikia Mama Rehema akimwita mwanawe kwa jina, tena na tena, kama anayemwita mtu aliyekwenda mbali.

Sasa tulipopita barazani na mabegi yetu, cherehani ilikuwa inaimba, na Rehema amekaa kwenye mkeka akicheka, anavirusha vigurudumu vya nyuzi na kuvitambalia.

Jigna alinitazama. Nilikuwa nimeanza kusikia baridi.

Homa ilinishika jioni ile ile. Mama alinibeba mgongoni mpaka hospitali, nikapimwa damu, wakasema malaria, wakanipa vidonge. Ilishuka, ikarudi. Ikashuka tena, ikarudi na nguvu zaidi. Ninachokumbuka ni dari ya chumba cha Bibi, mbao zake zenye madoa ya maji, na mkono wa Bibi wenye harufu ya karafuu. Na nakumbuka udadisi wangu, ambao homa haikuuweza. Nilikuwa nikijichunguza. Niliutafuta ugonjwa ndani ya mwili wangu nione kama una dalili yoyote ya kuwa wa mtu mwingine. Je, homa hii imemzoea Rehema? Inashangaa kukuta mwili mkubwa? Nilikuwa mtoto wa ajabu, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Jigna alikuja kila siku baada ya shule, akakaa mkekani kufanya hesabu zake. Siku moja aliponiona nimefumbua macho aliniinamia sikioni. "Ni Rehema, sivyo? Aliyepona."

Bibi alikuwa mlangoni. Alisikia.

"Nyamazeni," alisema taratibu. "Mama aliyezika mtoto hagombezwi kwa kujaribu."

Kumbe naye alijua. Na hakwenda kubisha mlango wa chumba cha mbele, hakumsema mtu bombani, hakuliacha jambo lile litoke. Aliendelea kuniosha miguu kwa maji ya chumvi na kuhakikisha nameza vidonge vya hospitali kwa wakati wake, kwani yeye hakuona ugomvi kati ya hivyo viwili. Vidonge vilipigana na kilichomo ndani. Kilichouleta ugonjwa kilikuwa na shauri lake jingine.

Aliyelitoa jambo nje alikuwa mama. Homa iliporudi mara nyingine, wasiwasi ulimjaa, na Bibi alipotaja tena njia panda mama alishindwa kujizuia. Walikuwa uani, nami nilisikia kila neno, na nyumba nzima ilisikia.

"Nazi! Mtoto ana malaria, nyie mnaniambia nazi! Aliyeiweka ana nini na mwanangu? Hawa amemkosea nini?"

Cherehani ya chumba cha mbele ilinyamaza. Ilinyamaza siku ile, na siku iliyofuata pia haikulia.

Alikuja mchana, mama akiwa dukani. Jigna alikuwa mkekani, Bibi ananipepea. Nje mtu alisema "Hodi" kwa sauti ndogo sana, Bibi akaitika "Karibu," na Mama Rehema akasimama kizingitini. Alikuwa peke yake. Hakuwa na mtoto mgongoni, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza nimwone hivyo. Mabega yake yalionekana membamba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ukae."

Hakukaa. "Bibi, ile nazi ilikuwa yangu."

"Najua."

"Unajua?" Alishtuka. "Tangu lini?"

"Tangu mwanao alipoanza kucheka."

"Na hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia nini? Nije kukuomba uuchukue tena ugonjwa?"

Mama Rehema alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Alisema mambo yake haraka, kama mtu anayeogopa atageuka njiani. Alisema aliambiwa aiweke alfajiri na asigeuke nyuma. Alisema alidhani atapita mtu asiyemjua. Kariakoo hii, watu wote hawa kutoka kila pembe ya nchi, alimwomba Mungu awe mtu wa mbali, amejiendea zake. Hakufikiria mtoto. Hakufikiria mtoto wa nyumba hii.

"Nimekuja kuuchukua," alisema.

Bibi aliacha kupepea. "Asia," alisema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita hivyo. "Unajua unachokisema? Una chumba kimoja. Una mtoto mmoja. Ukiuchukua utaulaza wapi?"

"Sitampa Rehema. Nitauchukua mimi."

"Nani kakwambia unaweza kuchagua?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo nakuuliza wewe. Kuna njia?"

Jigna aliacha kuandika. Mimi nilijiinua kwa kiwiko, maana hilo lilikuwa swali ambalo sikuwahi kumwuliza Bibi, na nilitaka jibu lake kuliko maji ya kunywa.

"Hapo sijui, mwanangu," alisema Bibi. "Nimewaona wengi wanaoweka. Sijamwona anayerudi kuchukua."

Nikikumbuka sasa naona kwamba pale, katika chumba kile chenye joto, tulifika ukingoni mwa kanuni zote. Zaidi ya hapo hapakuwa na mganga wala Ba wala Bibi. Alikuwapo mwanamke mmoja aliyeamini, anatafuta njia pasipo njia. Akaitengeneza.

Aliomba beseni na maji. Bibi akampa. Alipiga magoti, akanishusha miguu kitandani, akaiosha: kwanza ule wa kisigino kilichogonga nazi, halafu wa pili. Mikono yake ilikuwa migumu ncha za vidole kwa sababu ya sindano, na ilisugua mpaka maji yakamwagika sakafuni. Alitaka kusema kitu, hakujua aseme nini. Kisha akakumbuka kile ambacho sote tulikijua, kwamba mambo haya yanafuata jina la mama.

"Mimi Asia, mama yangu Mwajuma," alisema. "Nilichokiacha njia panda ni changu. Kimwache Hawa, mama yake Zaina. Kisimguse Rehema, mama yake ni mimi. Kije kwangu."

Akabeba lile beseni mpaka uani, akavua kandambili, akajimwagia yale maji miguuni mwake yote, polepole, mpaka tone la mwisho.

Jigna alimnong'oneza Bibi, "Sasa itakuwaje?"

"Sasa tunangoja," alisema Bibi. Alikuwa analia, na hakujificha.

Mama alirudi akakuta sakafu imeloa. Bibi alimweleza yote bila kupunguza. Mama alisikiliza amesimama, mkoba bado uko begani, halafu akatoka moja kwa moja kwenda chumba cha mbele. Nilijifunika shuka kichwani nikisubiri ugomvi. Ukuta ule ulikuwa mwembamba, na nilichosikia ni kilio cha Mama Rehema, kisha sauti ya mama, ya chini, yenye kukata.

"Kesho tunaenda hospitali. Wewe, Rehema na Hawa. Sitaki ubishi. Na usirudie tena kubeba mzigo kama huu peke yako wakati sisi tuko hapa."

Tulikwenda wote. Mimi nilibadilishiwa dawa. Rehema, ingawa alikuwa anacheka, alichukuliwa damu pia, na mama yake akafundishwa namna ya kumpoza kwa kitambaa cha maji homa inapoanza, asingoje ipande, na amlete mapema. Mama alinunua vyandarua viwili, kimoja akakipeleka chumba cha mbele.

Nikapona. Nani aliniponya? Kila mtu nyumbani alikuwa na jibu lake. Mama alisema dawa mpya. Bibi alisema maji. Jigna alisema Ba alikuwa ameniwashia taa mbele ya miungu yao, kwa hiyo tusiwasahau na wao. Mimi niliyakubali majibu yote. Hata hivyo lilibaki swali moja, na mimi na Jigna tulilifuatilia kwa bidii kuliko masomo: Mama Rehema atapatwa na nini?

Tulimchunguza kila siku. Tukitoka shule tulipita barazani tukamwamkia, tukamtazama macho, tukamtazama midomo kama imekauka. Alijua tunachotafuta, nadhani, kwa maana alikuwa akitujibu "Marahaba, sijambo" kabla hatujamwuliza hali. Kweli hakuwa anaumwa. Lakini kuna kitu alikuwa amekifanya ambacho hatukukitegemea. Alikuwa amemhamisha Rehema. Ikifika jioni alimleta chumbani kwetu ameshamlisha na kumwogesha, akamkabidhi kwa Bibi, akarudi kwake peke yake. Kama ule ugonjwa ungekuja, alisema, usimkute mtoto pembeni yake ukakosea njia.

Mwanzoni Rehema alilia. Alijua mama yake yuko upande wa pili wa ukuta, na akaugonga kwa kiganja. Upande wa pili mama yake naye aliugonga, taratibu, mpaka mtoto akatulia. Baadaye alizoea, akalala kati yangu na Bibi, mguu wake tumboni mwangu. Mama alimwambia Mama Rehema zaidi ya mara moja kwamba inatosha, amchukue mwanawe. Alijibu, "Bado, Mama Hawa. Bado haujafika."

Masika yakaingia. Barabara zikajaa maji, mbu wakajaa mtaa mzima, na watu wengi wakaugua. Siku moja cherehani haikulia, na Bibi akaenda kutazama. Akamkuta Mama Rehema amejikunja kitandani, anatetemeka, meno yanagongana. Nilichungulia nyuma ya Bibi. Nilitegemea kuona hofu. Uso ule ulikuwa unatabasamu.

"Umefika, Bibi," alisema. Alisema kama mtu anayetaja mzigo uliochelewa njiani, akidhani umepotea.

Mama alimpeleka hospitali, akapewa vidonge, Bibi akampikia uji, na baada ya siku chache akainuka. Alikuwa amekonda kidogo. Jioni ile hakumleta Rehema kwetu. Alikuja yeye mwenyewe, akamchukua kutoka mikononi mwangu, akamweka mgongoni na kumfunga kwa khanga mbili, ingawa chumba chake kilikuwa hatua chache tu, akaenda naye.

Nyumba yetu haipo tena. Pale limesimama ghorofa la maduka ya simu, na Bibi tulimzika zamani. Jigna yuko mbali, tunaandikiana kwenye simu. Mama Rehema anaishi Mbagala na wajukuu zake, na mwaka huu nilikwenda kumwona. Nilimwambia ninachoandika. Akacheka sana, akasema, "Yaani unalipwa kwa maswali yale yale." Halafu nikamwuliza la zaidi, nikiwa mtu mzima anayemwuliza mtu mzima, kama alikuwa na hofu siku ile aliyokuja na beseni.

"Siku ile sikuwa na hofu," alisema. "Hofu ilikuwa kabla. Nilikuwa nakusikia wewe unavyougua nyuma ya ukuta, na huku Rehema anacheka. Mwanangu anacheka na mimi sifurahi. Nilimwombea kicheko kile kwa machozi, nimekipata, na sifurahi. Nikasema, kama nimerogwa, basi hapa ndipo niliporogewa."

Alinimiminia chai nyingine, akaendelea na habari za wajukuu.

Kama ile nazi ilikuwa na kitu ndani yake, sijui. Nimesoma vya kutosha kujua mbu wanafanya nini, na nimelelewa na Bibi vya kutosha kutoangalia juu ninapovuka njia panda. Ninapoandika bado natunga kanuni, kwa sababu msomaji ana haki ya kuzijua, na ninaacha mahali pamoja ambapo hata mjuzi wa kitabu changu atasema hajui. Lakini siku hizi kabla ya kanuni namtafuta mtu. Namtafuta yule ambaye uchawi umempa alichokiomba, naye hawezi kuishi nacho. Nikishampata, sina haja ya kumshawishi msomaji aamini lolote.

Nina binti mmoja, sasa ana umri wa kukimbia ovyo. Akiwa na homa nakaa naye, nampoza kwa kitambaa cha maji, na nikishamaliza kufanya yote ninayojua kufanya, ninamfikiria Mama Rehema akiwa amesimama nje ya mlango wa Bibi, amemwacha mwanawe aliyepona nyuma yake, mkono umeinuliwa. Ningependa kuamini kwamba na mimi ningebisha hodi.